Nilidhani Shule ya Kijeshi Itamnyoosha Mwanangu

Mtanzania au Mkenya mwenzangu anaponipigia simu kuniuliza habari za shule za bweni za kijeshi hapa Marekani, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Watamnyoosha?" Nalielewa, maana lilikuwa swali langu. Mwaka 2021 nilimpeleka mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka 15, kwenye shule ya namna hiyo huko Virginia. Alikaa mwaka mmoja. Nilitumia fedha ambazo sitazipata tena, nikamdanganya mtoto, na nikajifunza kwa machungu mambo ambayo mtu angeweza kunieleza kwa dakika kumi kama ningejua cha kuuliza.

Tunaishi Silver Spring, Maryland. Korona ilipofunga shule Machi 2020, kijana alikuwa darasa la nane. Zaidi ya mwaka mzima alisomea chumbani kwake mbele ya kompyuta. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, mama yake anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anajua kwamba asubuhi alikuwa anafungua darasa, anazima kamera na kurudi kulala. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa ameanguka masomo manne kati ya saba. Shule zilipofunguliwa akakamatwa chooni na sigara ya umeme, akasimamishwa siku tatu. Kilichoniumiza zaidi si sigara. Aliacha kuongea na mimi. Nikimuuliza jambo, anainua mabega, basi.

Nilipowaeleza ndugu, dada yangu wa Dodoma hakusita. "Mlete huku. Samaki mkunje angali mbichi." Wengi wetu huku tumefanya hivyo, au tunamjua aliyefanya: mtoto anapandishwa ndege kwa jina la likizo, akifika anakabidhiwa shule ya bweni, na pasipoti yake inabaki kwa shangazi. Mke wangu alikataa katakata. Hapo ndipo nikaiona shule ya kijeshi kama njia ya katikati. Atabaki Marekani, lakini atakutana na jeshi.

Nami jeshi nililiamini. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, kwa mujibu wa sheria mwaka 1991, kambi ya Mafinga, miaka mitatu kabla ya utaratibu ule kusitishwa mwaka 1994 (ulirudishwa 2013, na mtoto wa dada yangu ameupitia). Baridi ya alfajiri, mchakamchaka, jembe, kwata, lindo la usiku. Kwa miaka thelathini nimekuwa nikisimulia kwamba niliingia mtoto nikatoka mwanamume. Kila kosa alilofanya mwanangu nililipima kwa Mafinga.

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta, na hapo nikafanya kosa la kwanza: nilichukua vitu vitatu tofauti nikavifanya kimoja. Hili wazazi wengi wanalikosea, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kitu cha kwanza ni shule za bweni za kijeshi zenyewe. Nyingi ni za binafsi, na jeshi la Marekani halizimiliki. Ni sekondari za kawaida zenye masomo ya kumpeleka mtoto chuo kikuu, ila maisha ya bweni yamepangwa kijeshi: sare, gwaride, vyeo, kombania. Mlipaji ni mzazi. Shule hizi hazimtaki mtoto mwenye kesi au mwenye tabia ya kuwapiga wenzake, na zinakagua rekodi. Mtu anayedhani ni gereza la watoto watukutu atashangaa kukutana na watoto wa madaktari na maofisa waliokwenda kwa hiari yao kwa sababu ya mpira, au kwa sababu wanataka kuwa marubani.

Cha pili ni programu iitwayo Youth ChalleNGe, inayoendeshwa na National Guard, jeshi la akiba la majimbo, katika majimbo mengi tangu mwaka 1993. Hii inawalenga vijana wa miaka 16 hadi 18 walioacha shule au walio njiani kuacha. Wanakaa kambini wiki 22, kisha wanafuatiliwa na mlezi kwa mwaka mzima. Mzazi halipi ada. Kwa Maryland iko Aberdeen. Na kuna sharti moja ambalo laiti ningelisoma mapema lingenifumbua macho: kijana lazima ajitolee mwenyewe. Mzazi hawezi kumsukumia ndani, wala hakimu hawezi kumpeleka kama adhabu.

Cha tatu ndicho cha kuogopa. Ni kambi na "shule za marekebisho" zinazojipamba kwa sare na maneno ya kijeshi, zikimwahidi mzazi kwamba mtoto atabadilika kwa siku tisini. Baadhi huleta watu usiku wamchukue mtoto kitandani. Januari 2006 kijana wa miaka 14 alifariki baada ya kupigwa na walinzi katika kambi ya namna hiyo huko Florida, iliyokuwa ikiendeshwa na serikali ya mahali pale, na mwaka huo huo jimbo likazifunga kambi zake zote za aina ile. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu vifo na mateso kwenye programu za binafsi za vijana. Sheria ya taifa zima ya kupambana na ukatili huo imesainiwa Desemba 2024 tu. Usiku ule nikitafuta, mbili kati ya namba nilizoandika kwenye karatasi zilikuwa za watu wa kundi hili. Mmoja alinipigia mwenyewe kabla sijampigia, akaniuliza kadi yangu ya benki ina kiwango gani kabla ya kuuliza jina la mtoto. Ukikutana na mtu wa hivyo, kata simu.

Nilichagua kundi la kwanza, nikafurahi kwamba nimekuwa mwangalifu. Lakini kichwani bado nilikuwa nawaza marekebisho.

Usaili ulifanyika kwa video. Ofisa udahili alimgeukia kijana: "Wewe mwenyewe unataka kuja?" Alinitazama kidogo, akajibu ndiyo. Ofisa hakujua kilichotokea saa moja kabla. Nilikuwa nimekaa naye kwenye gari, nikamwambia, "Muhula mmoja tu. Ukifanya vizuri, Krismasi unarudi nyumbani." Mkataba nilioambiwa niusaini ulikuwa wa mwaka mzima. Nilijua.

Kosa jingine nililifanya peke yangu, usiku, nikijaza fomu ya afya. Waliuliza kama mtoto amewahi kuonana na mshauri wa afya ya akili. Wakati wa korona shule yake ya umma ilituelekeza kwa mshauri, tukaenda mara mbili, kisha tukaacha. Nikaandika hapana. Niliogopa watamkataa. Na tuseme ukweli, kwetu ukitaja mambo hayo watu wanasikia wazimu.

Sasa fedha. Ada ilikuwa dola 39,800 kwa mwaka, na shule nyingi za aina hii ziko hapo au juu zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo niliyoiona. Sikuziona dola 3,600 za sare, viatu, shuka za rangi maalumu na kufulia nguo. Sikuhesabu kwamba bweni linafungwa likizo ya Novemba, Krismasi na ile ya majira ya kuchipua, na kila mara mzazi anamfuata mtoto na kumrudisha. Niliuza kiwanja changu cha Goba, Dar es Salaam, kile ambacho mke wangu alikuwa ameshakichorea nyumba. Malipo ya kushika nafasi hayarudishwi, na mkataba ulisema ukimtoa mtoto katikati ya mwaka bado unadaiwa ada yote, isipokuwa kama ulikata bima ya ada mwanzoni. Mimi sikukata. Baadaye, kwenye siku ya wazazi, baba mmoja aliniambia analipa karibu nusu kwa sababu aliomba msaada wa ada kabla ya kusaini. Sikuwa nimeomba. Niliona aibu kuonekana sina uwezo. Omba kabla ya kusaini, na soma ukurasa wa kumtoa mtoto kabla ya kusoma ukurasa wa michezo.

Tulimpeleka katikati ya Agosti 2021. Ilikuwa wiki ile ile Kabul ilipoanguka, na televisheni usiku kucha zinaonyesha watu wanakimbilia ndege. Mke wangu alikuwa akikunja soksi za mtoto huku analia. "Unampeleka jeshini, na jeshi lenyewe ndilo hilo." Alidhani jina la mwanetu sasa limeingia kwenye orodha, na akifika miaka 18 atachukuliwa.

Woga huo nimeusikia tena na tena kwa akina mama wa Kiafrika, na hauna msingi. Mwanafunzi wa shule ya kijeshi hadaiwi na jeshi hata siku moja. Mafunzo wanayopata darasani yanaitwa JROTC, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916, na mtoto anayeyamaliza yuko huru kwenda kusomea upishi. Kuwemo kwenye daftari la serikali la vijana wanaoweza kuitwa vitani ni wajibu wa karibu kila mwanamume anayeishi Marekani akifika miaka 18, mwenye kadi ya kijani pia, awe alivaa sare au hakuvaa. Donald Trump alipelekwa shule ya kijeshi New York akiwa na miaka 13, akamaliza 1964, na hakuwahi kuwa askari. Jenerali Norman Schwarzkopf naye alitoka shule kama hizo, akaongoza vita vya Ghuba mwaka 1991. Wote wawili walitoka kwenye shule za aina hiyo hiyo.

Wengine wanachanganya na West Point. Hicho ni chuo cha jeshi chenyewe, tangu 1802, mtu anaingia baada ya sekondari, halipi ada, na akimaliza anadaiwa utumishi wa miaka mitano. Ni kitu kingine kabisa.

Wiki za mwanzo simu zilichukuliwa. Barua ya kwanza ilifika siku ya tisa, karatasi moja, mwandiko wa haraka: "Baba njoo unichukue. Siwezi." Wazazi wenye uzoefu waliniambia kila mtoto huandika hivyo, usijibu kwa hofu. Kweli, wengi huandika hivyo. Ila mimi nikaigeuza kauli hiyo kuwa ngao ya kutosikiliza lolote.

Maana kuna tofauti kubwa na Mafinga ambayo sikuwa nimeiona. Kule aliyenisimamia alikuwa afande, mtu mzima, mwenye kazi ya kulinda. Huku kwa sehemu kubwa ya siku kadeti wadogo, yaani wanafunzi wenyewe, wanaongozwa na kadeti wakubwa. Kijana wa miaka 17 ndiye anayekagua kitanda, ndiye anayeamuru, ndiye anayekuandikia alama za makosa ambazo unazilipa Jumamosi kwa kutembea uwanjani na bunduki ya gwaride begani. Akiwa kijana mwema, mfumo huo unamkomaza yeye na unamkomaza mdogo. Akiwa mkatili, usiku ni mrefu. Mwezi wa Septemba wakubwa wawili waliwaamsha wageni saa saba usiku, wakawapeleka bafuni, wakawapigisha pushapu kwenye sakafu yenye maji mpaka mmoja akatapika. Mwanangu alinieleza kwa simu Jumapili. Nilimjibu, "Vumilia. Mimi Mafinga nimepita makubwa zaidi ya hayo."

Akanyamaza. Mama wa mtoto mwingine ndiye aliyepiga simu shuleni Jumatatu asubuhi. Wale wawili wakavuliwa vyeo, mmoja akafukuzwa. Shule ilifanya haraka ilipoambiwa. Mimi niliambiwa siku moja kabla, nikanyamaza.

Kwa hiyo unapotembelea shule, achana na gwaride. Gwaride ni zuri siku zote. Uliza usiku ni watu wazima wangapi wanalala ndani ya jengo la bweni. Uliza mtoto akitaka kulalamika anamwendea nani asiyekuwa kadeti mwenzake. Uliza mwaka jana waliondoka wanafunzi wangapi kabla ya mwisho wa mwaka, na kwa nini. Omba uzungumze na kadeti wa mwaka wa kwanza bila ofisa kusimama karibu. Shule nzuri haikasiriki ukiuliza. Na mtoto akilia kwenye simu, usimuulize "uko sawa?" Muulize umekula nini jana usiku, umelala na nani chumbani, nani alikukaripia na alisema maneno gani. Majibu ya maswali hayo yanatenganisha upweke na hatari.

Oktoba muuguzi wa shule alinipigia. Kijana alikuwa amepungua ratili 14 na alikuwa halali. Akaniuliza kwa upole, "Kuna jambo kwenye historia yake tusilolijua?" Nilikuwa nimeegesha gari kazini. Nilikaa kimya muda ambao yeye lazima aliuona mrefu, kisha nikamwambia kuhusu mshauri, na kuhusu fomu. Hakunigombeza. Wiki hiyo hiyo akampangia mshauri wa shule kila Jumatano. Mtu huyo alikuwepo pale tangu Agosti, ofisi yake iko hatua chache kutoka bwenini, na miezi miwili ya mateso ya mwanangu ilitokana na neno moja nililoliandika mimi.

Halafu ikaja likizo ya Novemba. Tulikuwa tunarudi nyumbani, milima ya Blue Ridge iko nyuma yetu, giza linaingia. Amekaa wima kwenye kiti, nywele zimenyolewa, anasema "ndiyo, bwana" kwa kila kitu. Mwezi uliopita ningejivunia. Akasema, "Baba, nimepata B tatu. Kwa hiyo Krismasi narudi jumla, siyo?"

Nikamwambia mkataba ni wa mwaka.

Hakuinua sauti. Aliuliza tu kama nilijua tangu mwanzo. Nikasema nilijua. Akageuza uso kwenye kioo cha dirisha, na mpaka tunafika Silver Spring hakusema neno. Siku zote za likizo alikuwa mpole, akamsaidia mama yake kuosha vyombo, akaniamkia kila asubuhi, na hakunitazama. Mtoto ambaye nilimpeleka mbali kwa sababu hasemi na mimi sasa alikuwa na sababu.

Nilimwandikia barua wiki ya kwanza ya Desemba. Kwa mkono, kwa Kiswahili, kurasa nne. Nikamwomba msamaha kwa uongo ule. Kisha nikamwandikia jambo ambalo hata mama yake halijui: kwamba Mafinga nililia. Wiki tatu za mwanzo nililia kila usiku nikiwa nimeuma kona ya blanketi ili wenzangu wasisikie, na nilimwandikia marehemu baba yangu aje anichukue, na hakujibu. Sikuwahi kumsamehe kwa kutojibu. Niliingia pale na miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, vijana wenzangu wote wameitwa pamoja nami. Yeye alikuwa na 15 na alikuwa peke yake.

Alijibu. Barua yake ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na maswali. Ulikuwa unalala na watu wangapi? Chakula kilikuwa nini? Tukaendelea hivyo hadi Mei, barua moja kila wiki mbili, ingawa simu alikuwa amesharudishiwa.

Sitaki mtu adhani shule ile ilikuwa mbaya. Madarasa yalikuwa na wanafunzi kumi au kumi na wawili. Prepo ilichukua saa mbili kila usiku, simu ziko sandukuni, na mwalimu wa hesabu alikuwa akibaki nao mpaka mwisho. Sajini mstaafu aliyewafundisha JROTC alimfanya mshika bendera, akamfundisha kutembea bila kutazama chini. Kulala saa nne na kuamka saa kumi na mbili kulimtibu usingizi kuliko dawa yoyote. Kufikia Februari alikuwa msimamizi wa chumba cha wanne, na siku moja akanipigia kuniuliza afanye nini na mdogo mmoja anayelia usiku. Kwa mtoto aliyeitaka, mwaka ule ungekuwa zawadi. Mwanangu aliufanya kuwa na maana kwa jitihada zake, akiwa amefikishwa pale kwa hila ya baba yake.

Nusu ya faida hizo, nimekuja kugundua, ningezipata bure. JROTC iko kwenye sekondari zaidi ya elfu tatu Marekani nzima, nyingi zikiwa za umma, sare inatolewa, mwalimu ni askari mstaafu, mtoto analala nyumbani. Alipomaliza mwaka nilimuuliza anataka nini, safari hii nikasubiri jibu. Alisema anataka kurudi nyumbani, lakini bendera asiiache. Tukamtafutia shule ya umma yenye programu hiyo, mwendo wa basi mbili. Akamalizia hapo. Sasa ana miaka 19, anajifunza ufundi wa viyoyozi na anafanya kazi mwisho wa wiki. Jeshi hakwenda.

Kiwanja cha Goba kimeondoka, na mke wangu bado anazo zile karatasi alizochora.

Wazazi wanaonipigia nawapa yote haya: namba za fedha, maswali ya bwenini, Aberdeen. Na kabla hatujaagana huwa nawaomba nizungumze na kijana mwenyewe kidogo. Mara nyingi upande wa pili unakuwa kimya, kisha mzazi anashusha sauti. "Bado hatujamwambia."